Land Rover Ameamka, Mkonga Imefika: Dibaji ya Sarufi ya Magari Mawili

Utafiti huu ulianza kwa kosa la upatanisho wa kisarufi. Nilikuwa Kimali, wilayani Meatu, siku ya gulio, nimekaa kwenye benchi la fundi baiskeli nikisubiri pancha izibwe. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, dereva mstaafu, akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, taratibu kama mtu anayehesabu. Tulikuwa tunazungumzia gari lake la zamani, Land Rover, ambalo kwa maelezo yake mwenyewe lilikufa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Akasema: "Yule alikuwa hataki kuamshwa alfajiri. Ukimlazimisha, anakurudishia hendeli." Sijamjibu, ikapita Land Cruiser nyeupe yenye bomba la hewa lililosimama ubavuni kama mkonga wa tembo, ikatumwagia vumbi sisi na michembe. Mzee akapangusa midomo. "Imepita," akasema.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili akisikia mdomo mmoja, ndani ya dakika moja, ukiyataja magari mawili kwa ngeli mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ngeli ya neno gari lenyewe, harudi nyumbani akalala. Gari liko LI-YA. Tumelifundisha hilo miaka nenda rudi. Gari limefika, magari yamefika. Sasa Land Rover kapandishwa A-WA, akae pamoja na watu, mbuzi na malaika, na Land Cruiser imeteremshwa I-ZI, ikae na bahasha, kalenda na semina. Nani aliyeruhusu?

Mbinu za utafiti zilikuwa zile zinazopatikana. Kwa miezi minne nilizunguka Kimali, Mwanhuzi, Maswa na stendi ya Bariadi na daftari moja, nikiandika kila kiambishi ambacho watu walikitumia kwa magari haya. Sampuli ya Land Rover ilikuwa adimu. Niliwakuta wawili: mmoja anatembea kwa hisani ya mteremko, na wa pili kuku wanatagia ndani yake. Mikonga, kama mtaa unavyoziita Land Cruiser hizo, nilizihesabu mpaka nikachoka, na nina hakika nyingine nilizihesabu mara mbili, maana zote ni nyeupe na hakuna inayosimama ukaiuliza. Kuanzia hapa, kwa heshima ya data, nitatumia A-WA kwa Land Rover na I-ZI kwa Mkonga. Wakaguzi wa elimu wanisamehe.

Niwaondoe kwanza jamaa wa pembeni. Shangingi, lile la kiyoyozi na viti vya ngozi, liko LI-YA bila ubishi, kwa kuwa jina lenyewe limevimba. Mchomoko, kigari kidogo kinachopakia watu wanane pale palipotengenezwa pa watano, uko U-I pamoja na miti, na kweli huota penye kila njia panda. Fuso ni mzigo wa pamba wenye taa. Sina la ziada juu ya hao.

Land Rover alizaliwa kwa sababu ya uhaba, na ninaamini ndiyo maana alituelewa haraka. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo, aluminiamu ipo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alichora umbo la gari mchangani, kwenye ufukwe wa kisiwa cha Anglesey. Nasisitiza mchangani. Wazee wetu wote wanaogawa mashamba huchora chini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kualikwa Amsterdam, ambako mchoro wa Wilks ulifika ukiwa gari kamili tarehe 30 Aprili 1948. Bodi ilikuwa ya aloi ya aluminiamu, isiyoliwa na kutu; chesesi ilikuwa ya chuma, inayoliwa. Kwa hiyo Land Rover huzeeka kama binadamu wa Kimali anavyozeeka: ngozi bado nzuri, mifupa imekwisha.

Akazaa wajukuu: Series II mwaka 1958, IIA mwaka 1961, Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Aliyetuhusu sisi ni yule mrefu, 109. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama sentimita 277 hivi. Lakini ukiuliza gulioni utapewa tafsiri nyingine. Wapo walioniambia kwamba 109 ni idadi ya watu aliowahi kubeba kwa mkupuo mmoja siku ya mnada. Nimeirekodi tafsiri hiyo bila kuikanusha, kwa kuwa aliyenipa alisema naye alikuwemo.

Umri wake hutambulika kwa macho. IIA wa mwanzo macho yako karibu na pua, katikati ya wavu wa mbele, akikutazama kama babu aliyepoteza miwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye mabawa, uso ukafunguka. Alama ya pili ni tundu la hendeli chini ya rejeta. Gari lenye tundu la hendeli linakiri hadharani kwamba ipo siku betri itakufa na itabidi liombe mkono wa mtu. Ule mkono, hendeli ikirudi vibaya, huweza kuvunjika; mzee wangu wa michembe alinikunjulia wake, nikaona kiwiko kinachoelekea kwingine. "Nilimkosea adabu," akasema. Sikubishana na A-WA tena.

Alama ya tatu ndiyo iliyonikalisha usiku mzima. Kwa Land Rover wa Series II na IIA, geji ziko katikati ya dashibodi. Si mbele ya dereva. Mshale wa mafuta na mshale wa spidi vinaonekana kwa dereva, kwa katibu kata aliyekaa katikati, na kwa mama wa mlangoni mwenye kuku mapajani. Wa nyuma wakichungulia, nao wanasoma. Safari ikawa mali ya wote. Mafuta yakikaribia kwisha, mjadala wa wapi pa kuyapata ulianza kabla dereva hajafungua mdomo, na hakuna aliyeweza kudanganywa kwamba "tunakaribia". Series III alipokuja mwaka 1971, geji zikahamishiwa mbele ya dereva peke yake. Wataalamu wa usalama wana sababu zao. Mimi kwa upande wangu naweka hapo tarehe ambayo abiria alianza kugeuka mzigo.

Sasa tuingie kwenye udongo, maana gari bila udongo ni picha ya kalenda. Wasukuma walikuwa na elimu yao ya udongo kabla ya maabara: luseni ni mchanga mwepesi, itogolo ni ule mgumu wa kijivu, ibushi una chokaa, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mgeni akisikia mbuga anatoa kamera. Sisi tunatoa jembe, na mvua zikishakolea tunatoa kamba. Mbuga ikilowa hugeuza tairi kuwa mpira wa matope usio na kashata. Halishiki kitu, linazunguka tu kama mtu aliyepotelewa na funguo. Magari yote mawili hunasa hapo. Atakayekwambia gari lake halinasi kwenye mbuga ya mwezi Machi, muulize amelinunulia mji gani.

Tofauti iko kwenye kitakachofuata. Land Rover akinasa, milango yote inafunguka. Anashuka katibu kata na kiatu chake cheusi, anashuka mwenye kuku, wanashuka vijana waliokuwa kwenye keria. Watu wanatoka mashambani bila kuitwa. Unakatwa mti, yanawekwa chini ya tairi mabua ya mtama, na ikishindikana inaletwa jozi ya ng'ombe wa plau. Land Rover ndiye gari pekee ninalolijua ambalo lilikuwa na injini ya akiba yenye miguu minane. Akitoka, watu wanapiga vigelegele, wanajipaka tope, wanapanda tena, na katibu kata sasa anafahamika kwa jina na kwa rangi ya soksi.

(Naomba wasomaji wasinitumie ule utani wa Msukuma na kusukuma. Sukuma maana yake ni kaskazini. Ingawa nakiri kwamba kuanzia Desemba hadi Aprili ushahidi mwingi unaelemea upande wa utani.)

Mkonga ikinasa, milango haifunguki. Vioo vimepandishwa. Dereva anashuka peke yake, anaizunguka mara moja, anarudi ndani, anazungumza na redio au simu. Baada ya saa moja au mbili inakuja Mkonga nyingine, inavuta, zinaondoka zote mbili. Wanakijiji wamesimama kando na mabua yao ya mtama mikononi. Niliishuhudia hali hii kwa macho yangu karibu na Mwanhuzi, nikaiandika kwenye daftari, nikasahau kuweka kiambishi, kwa sababu hakuna aliyesema neno.

Mkonga yenyewe ni ya ukoo mzuri, nisije nikaonekana nina kinyongo. Babu yake, Toyota BJ, mwaka 1951 alipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, jambo ambalo lingempa hadhi hata kwetu. Jina Land Cruiser lilianza kutumika mwaka 1954. Aina hii tunayoizungumzia, Series 70, ilitoka Novemba 1984, na mwaka 1990 ikapewa injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, bila tabo na bila kompyuta. Land Rover 109 wa kawaida alikuwa na silinda nne na sentimita za ujazo 2,286, yaani karibu nusu, na nusu ya hizo zilitumika kupiga kelele. Kwa upande wa nguvu hakuna cha kulinganisha, na ninashangaa kwamba watu wazima hutumia jioni nzima kulinganisha. Isitoshe Series 70 inaendelea kutengenezwa hadi leo, wakati ule ukoo wa Land Rover wa zamani ulifungwa kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mkonga ni ya kale na mpya kwa wakati mmoja. Kisayansi hili ni kero. Ni sawa na kumkuta guku wako, yaani babu yako, amekaa darasa la kwanza.

Ila tazama tangi. Mkonga ndefu ya nyuma ina matangi mawili ya lita 90 kila moja, jumla lita 180. Gari lenye lita 180 halimwombi mtu kitu. Haliulizi pa kulala, halinywi maji ya kisima, halisubiri kesho. Linaondoka Bariadi asubuhi, linafika Kimali, linafanya semina ya saa tatu, linarudi Bariadi jioni na chenji ya mafuta. (Msomaji makini ameona nimeteleza nikarudi LI-YA. Ni hasira kidogo.)

Na lile jina. Bomba linalopanda hadi usawa wa paa huvuta hewa safi juu ya vumbi na juu ya maji, na mtaa ukaliita mkonga. Kwa sarufi ya kawaida mkonga, mikonga, uko U-I. Lakini Meatu tumepakana na hifadhi, na tembo huingia mashambani. Kwa hiyo lugha imelazimika kuwa makini kuliko walimu wake. Ukisikia "mkonga umeingia", washa moto, piga debe, amsha watoto. Ukisikia "Mkonga imeingia", vaa shati safi. Herufi moja tu, na mtu aliyelala usingizi mzito anaamka akijua achukue nini. Wote wawili, kwa taarifa yangu, hupita bila kuuliza bei ya pamba.

Jina la ukoo la Mkonga ni namba yake. STL na STK ni ya serikali, SM ya halmashauri, DFP ya mradi wa wafadhili. Watoto wa Kimali, ambao huku shuleni wananipa taabu ya kusoma silabi, wanasoma namba hizi kutoka mbali na kutabiri kwa usahihi kama kutakuwa na soda. Land Rover naye alikuwa na namba, bila shaka, ila hakuna mtoaji taarifa wangu aliyeikumbuka. Walikumbuka dereva alikuwa nani, alioa wapi, na mwisho alikufa na ugonjwa gani.

Nirudi kwenye swali la ngeli, kwa sababu nadhani nimelipatia jibu, na jibu ni chakula. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Katikati hapo tukapigana na Idi Amin, 1978 na 1979. Spea zikawa hadithi. Mzee wa michembe alinihesabia kwa vidole alichomlisha Land Rover wake katika miaka hiyo. Rejeta ikivuja: mayai mabichi, yanaivia mle ndani na kuziba tundu. Tangi likitoboka: sabuni ya mche, inasuguliwa hadi inanasa. Gasketi: boksi lililokatwa kwa mkasi wa fundi cherehani. Springi zake zilikuwa za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kimoja kikivunjika, kilifungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, ukikauka juani unabana kuliko chuma. Mayai ya mama huyu, sabuni ya yule, ngozi kutoka kwenye boma la mwingine. Kila kaya ilikuwa na kipande chake ndani ya lile gari. Kitu kinachokula mayai na kuvaa ngozi, hata mimi ningekiweka A-WA.

Hapa ndipo nilipotaka kufunga daftari, nikakutana na mayu, yaani mama, mmoja wa makamo ya bibi yangu, anachambua pamba barazani, nikamuuliza kwa tabasamu la mtafiti aliyekwisha kushinda: "Mayu, Land Rover mnamkumbuka?" Akasema, "Lile?" Akarudi kwenye pamba.

Nilikaa kama nusu saa ndipo akaendelea. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikafika kwao. Ilifika ndani ya Land Rover. Waliambiwa watoke penye miembe yao, waende penye mistari iliyochorwa na mtu asiyejua kisima kiko wapi. "Lile lilisimama pale," akasema, akionyesha kwa kidevu, "injini linanguruma, sisi tunabeba." LI-YA, mara nne nilizihesabu. Nilimwambia mzee wa michembe habari hii, nikitegemea abishe. Alinyamaza kwanza. "Mimi ndiye niliyekuwa usukani," akasema. "Sikuzima kwa sababu stata ilikuwa mbovu."

Kwa hiyo nadharia yangu ina tundu, na yai la kulizibia sina.

Msomaji wa Bariadi ataniuliza mshindi ni nani, maana kwetu mashindano hayaishi hewani. Tuna kanuni ya zamani kutoka kwa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yaliyotokana na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Makundi hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Nilijaribu kanuni hiyo kwa watoto. Mkonga ikiingia kijijini, wanaikimbilia wote, lakini wanaishia kwenye vumbi lake. Yule Land Rover wa mteremko nilipomkuta njia ya Maswa, watoto walikuwa tayari wako juu yake. Mwenyewe alikuwa haendi popote. Nikiwa mwamuzi mwaminifu lazima niseme kwamba umati ulihama mara mbili na mwamuzi naye alipanda.

Lipo jambo moja lililobaki, nalo ni dogo. Mkonga ina aina ndogo iliyo tofauti na nyingine zote: ile yenye taa nyekundu juu na kitanda ndani, gari la wagonjwa. Hiyo ikipita hakuna anayelalamikia vumbi. Usiku mmoja wa masika, miaka minne iliyopita, ilimbeba binti wa yule mzee kuelekea hospitali, na mtoto hakusubiri. Wasukuma humwita mtoto kwa tukio: wa mvua ni Mabula, wa njaa ni Nzala. Huyu ana jina zuri la kanisani, ambalo halitumiki. Nyumbani wanamwita Kruza.

Nilikuwa sijui hayo siku nilipokwenda kumuaga mzee na kumwonyesha daftari. Nimeketi kivulini, bibi akatokeza jikoni akasema, "Kruza ameamka." Kalamu ilinidondoka. Miezi minne, sijawahi kusikia A-WA ikipewa Land Cruiser, hata kwa bahati mbaya. Nikasimama kuangalia barabarani. Hakuna gari. Nyuma ya nyumba, chini ya mkwaju, alikuwapo Land Rover wa kuku, IIA, macho karibu na pua, amekaa juu ya mawe, na ndani yake mtoto wa kiume amepanda kwenye kilichobaki cha kiti, ameshika usukani kwa mikono miwili, ananguruma kwa midomo huku mate yanamtoka. Jogoo alikuwa ameketi upande wa katibu kata.

Mzee alimwangalia kidogo, kisha akapaza sauti: "Kruza! Amenasa huyo. Shuka usukume."

Mtoto akazima injini ya midomo, akashuka kwa mgongo, akazunguka nyuma, akaweka mikono yote miwili kwenye bati na kuinamisha kichwa.